Kwaya ikipatana, ndoa ikipatana, rangi zikipatana: ni jambo moja au tunachanganya mambo?

TenaWaNyakato

Wakuu, habari za jioni. Wana Mwanza na wageni wetu, karibuni.

Juzi nilikuwa kwenye harusi hapa mjini. Ukumbi umependeza, MC anajua kazi yake. Ikafika zamu ya nasaha. Mzee mmoja wa heshima akashika maiki, akawaambia maharusi: "Kuanzia leo ninyi ni sauti moja. Nyumba yenu iwe kama kwaya, msisikike wawili." Vigelegele ukumbi mzima. Sisi tuliokuwa meza ya kwaya tukaangaliana tu. Kwaya inayoimba sauti moja mwanzo mpaka mwisho ina haja gani ya kuwa na soprano, alto, tena (ile sauti ya juu ya wanaume) na besi?

Nikaona nilete hoja hapa, maana neno hili la kupatana linatumika kote. Sauti zimepatana, mke na mume wamepatana, pazia limepatana na kochi. Swali langu: ni jambo lilelile, au tunaazimana maneno tu?

Nianze upande ninaoujua, maana mimi ni mwalimu wa kwaya. Sauti ni mtetemo. Tuseme do yako, noti ya kwanza kwenye do-re-mi-fa-so, ni mitetemo 440 kwa sekunde. Do ya juu yake, ile anayoiimba mtoto akiwa sambamba na baba yake, ni 880, mara mbili kamili. So ni 660, yaani uwiano wa 3 kwa 2. Mi ni 550, uwiano wa 5 kwa 4. Sikio halijui hesabu, lakini uwiano ukiwa wa namba ndogondogo kama hizi, linatulia.

Sasa jaribuni jambo moja, ndiyo sababu hasa ya uzi huu. Chukua simu mbili, pakua programu yoyote ya kutoa toni. Moja weka 440, nyingine 443. Utasikia sauti moja inayovimba na kunywea mara tatu kila sekunde, wau-wau-wau. Inachosha. Halafu ile ya pili ipandishe mpaka 660. Utulivu. Kwa hiyo zilipokuwa zimekaribiana zilikwaruzana, zilipoachana umbali unaofaa zikapatana. Ukitaka kuziua kabisa zile wau-wau bila kuachana, itabidi zote mbili ziwe 440 kamili, na hapo umebaki na sauti moja yenye nguvu zaidi, basi.

Mfano mwingine mnao vichwani: Wimbo wa Taifa. Tuni ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, 1897. Pale CCM Kirumba karibu uwanja mzima huimba ile sauti ya juu. Akitokea mtu mmoja nyuma yako akaingiza besi, unageuka kumtazama, na wimbo unakuwa mkubwa ghafla ingawa hajaongezeka mtu.

Halafu kuna kinanda, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Ukipanda kwa hatua za 3 kwa 2 mara 12, ungetarajia uangukie kwenye do ileile, ya juu zaidi. Hauangukii. Unapitiliza kidogo. Ziada hiyo haiondoki kwa ufundi wowote, ni hesabu yenyewe ilivyo. Kinanda cha siku hizi kinaigawa ziada hiyo sawasawa kwa noti zote 12. So badala ya 660 inakuwa 659.26, na mi badala ya 550 inakuwa 554.37. Kila mmoja kadhulumiwa kidogo, mi zaidi ya so, ila unaweza kupiga kwenye ki yoyote unayotaka, yaani do uianzishe popote.

Ndiyo maana kwaya ikifanya mazoezi bila kinanda, alto na tena wanajitafutia wenyewe ile mi ya 550, na watu wanasema leo kumekucha. Mpiga kinanda akiingia na 554 yake, mawimbi manne na kidogo kila sekunde. Wanakwaya wanatazamana, kila mmoja anadhani mwenzake kakosea.

Wenye ndoa, mafundi, washonaji, leteni ya kwenu. Nawasilisha.

---

DagaaMchele

Nimekaa pale na kahawa yangu. Ila mwalimu umetuletea hesabu saa tatu usiku bila hata salamu ya maana.

---

MshonajiMakoroboi

Mkuu TenaWaNyakato, kwenye rangi ni hivyohivyo, na nina kesi za kutosha.

Mteja analeta kitenge cheusi kizuri, anataka nikiunge na bluu ya giza au zambarau. Nikimaliza anasema nimembadilishia kitambaa, mbona cheusi kimepauka. Hakijapauka. Mbali na ile bluu ni cheusi tii. Kesi hii ni ya zamani mno: Ufaransa kulikuwa na kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani, Gobelins, na mkemia Michel Eugène Chevreul ndiye alikuwa mkuu wa idara ya kutia rangi. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi hazikolei. Akazipima, akakuta dawa haina tatizo. Tatizo lilikuwa jirani. Weusi uliokuwa umefumwa kando ya bluu na zambarau ulionekana hafifu kwa sababu kila rangi inamsukuma jirani yake kuelekea upande ulio kinyume na yenyewe. Weka kijivu juu ya nyekundu, macho yatakuambia kina ukijani. Aliandika hayo yote mwaka 1839, na sisi bado tunagombana na wateja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "rangi hii ni nzuri?" namuuliza "ikae na nani?"

Kamati za harusi ndizo zinanichosha. Wanataka sare zote ziwe rangi moja, lakini vitambaa wananunua maduka tofauti. Humo ndani chini ya taa vinafanana kabisa. Mkitoka nje kwenye jua la saa saba, mmoja kageukia ukijani, mwingine kageukia wekundu. Dawa zilizotumika kiwandani ni tofauti, na dawa mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja zikaachana chini ya mwanga mwingine. Hapo ndipo ile 440 na 443 yako. Vimekaribiana, havijafanana, na picha zote za harusi zinawaumbua. Ndiyo maana nashauri: kama hampati jora moja, chagueni rangi mbili zilizoachana kweli. Maharusi wa kijani cha kukolea na wapambe wa rangi ya udongo. Hakuna atakayesema hazikulingana, maana hazikujaribu.

Kanga nayo itazameni vizuri. Pindo lina kazi zake, mji una kazi zake, na jina limekaa kwenye kisanduku chake chini ya mji. Mara nyingi maua ya pindo hayafanani na ya mji hata kidogo. Kinachoziunganisha ni rangi mbili tatu zinazorudiwa pande zote. Aliyebuni mpango huo hakusoma chuo.

---

HesabuZote

Wakuu mnahangaika bure. Jibu lilishapatikana zamani, linaitwa uwiano wa dhahabu, 1.618. Uko kwenye konokono wa baharini, kwenye uso wa binadamu, kwenye hekalu la Parthenon kule Ugiriki, na kwenye muziki wote mzuri. Namba moja inatawala uzuri wote. Hata ndoa, ukigawa mapato 1.618 kwa 1 mnaishi vizuri.

---

DagaaMchele

Hiyo 1.618 ni ya nani, mke au mume? Tuanzie hapo kwanza.

---

SteshenariMalimbe

HesabuZote, mimi nina steshenari karibu na chuo, kazi yangu ni karatasi na jioni napiga gitaa la besi. Niruhusu nikupinge kwa vitu vilivyopo mezani kwangu.

Nautilus, huyo unayemwita konokono wa baharini, spirali yake haifuati 1.618, watu walishapima. Parthenon nayo hakuna ushahidi kwamba waliojenga walitumia namba hiyo, vipimo vinategemea unaanzia ngazi ipi. Tuyaache hayo, tuje kwenye sauti. Chukua 440 ya mwalimu, zidisha kwa 1.618. Unapata kama 712. Tafuta 712 kwenye kinanda. Hakuna! Inaangukia katikati ya noti mbili, moja ni 698 na nyingine 740. Namba inayotawala muziki wote haina hata pa kubonyeza.

Sasa hii hapa ndiyo inayonifurahisha. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Gawa: 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Walichagua uwiano huo kwa sababu ukiikunja katikati unapata A5 yenye umbo lilelile, ukiikunja tena A6, hivyohivyo. Ndiyo maana nikipunguza kurasa za mwanafunzi zikae mbili kwenye karatasi moja hakuna kinachokatwa pembeni. Kwa mtu wa karatasi hakuna uwiano mtulivu kuliko huo duniani.

Upeleke kwenye sauti sasa. 440 mara 1.414 ni 622. Weka simu moja 440, nyingine 622. Ni ule umbali ambao walimu wa muziki wa kale Ulaya waliukwepa, kwenye kinanda ni noti sita kutoka ulipoanzia, katikati kabisa ya oktavu, yaani kutoka do hadi do ya juu yake. Ukiuacha unalia hivyo ni kama mlango umeachwa wazi, unataka mtu aje aufunge.

Kwa hiyo namba ileile, kwenye karatasi ni utulivu, kwenye gitaa ni kero. Hiyo habari ya namba moja kutawala uzuri wote, mimi sinunui. Kila kazi ina namba zake.

---

HesabuZote

Mimi nimesoma mtandaoni na picha zipo. Ila hiyo ya 622 ngoja nijaribu kwanza.

---

MamaBaraza

Marahaba kwa wote, hata ambao hamjaniamkia.

Nimekaa miaka mingi kwenye baraza la usuluhishi la kata, upande huuhuu wa ziwani. Kwa wasiojua: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la ndoa lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla mtu hajafungua kesi ya talaka mahakamani. Baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati kwamba limeshindwa. Kuna mazingira machache sheria inaruhusu kuruka hatua hiyo, lakini wengi lazima watupitie. BAKWATA na makanisa nayo yana mabaraza yao. Kwa hiyo mimi wanandoa nimewaona kwa sura ambayo huyo mzee wa ukumbini hajawaona.

Wanaokuja wakipiga kelele, huyu anamkata mwenzake neno, yule anarusha mikono, hao siwaogopi. Hao bado wanasikilizana, ingawa kwa ubaya. Ninaowaogopa ni wanaokaa kimya. Mume ananiambia kwa mshangao wa kweli kabisa, "Mama, sisi hatujawahi kugombana, sijui kimempata nini." Namgeukia mke. Anaangalia sakafu, anasema "sawa tu." Nikimvuta pembeni ndipo anaeleza kwamba aliacha kusema siku nyingi. Mashine ya kusaga iliuzwa, hakuulizwa, akanyamaza. Mtoto alihamishwa shule, akanyamaza. Ndani mle kulikuwa na sauti moja kama alivyotaka mzee wenu. Ya mume.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, aliyetumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakijadili mambo yanayowakera. Alichokiona ni kwamba ndoa zinazodumu ugomvi umo, ila katikati ya ugomvi huohuo, kwa kila neno au kitendo kimoja kibaya kuna kama vitano vizuri: kicheko, kuitikia, kugusa bega, kusema "hapo una haki." Anasema pia karibu asilimia 69 ya mambo wanayogombania watu wa ndoa hayaishi kabisa, yanarudi mwaka hadi mwaka. Nilipoyasikia hayo kwenye semina moja nilicheka, maana baraza lote tulikuwa tunayajua bila namba.

Lakini mwalimu, nina neno nawe. Kwaya yako ina mwalimu anayenyoosha mkono, watu wanamfuata. Nyumbani mwalimu ni nani? Ukisema mume, umerudi palepale kwa yule mzee. Ukisema hakuna, basi mfano wako umekatika mguu mmoja. Na hicho kinanda umekisifu kwamba kimemdhulumu kila mtu kidogo ili wote wakae. Vizuri. Nyumba nyingi nilizoziona hazigawi hivyo. Zinamlundikia mmoja yote, halafu wengine wote wanasema hapa pana amani.

---

MshonajiMakoroboi

Mama, shikamoo. Umemaliza.

---

TenaWaNyakato

Shikamoo Mama. Kuhusu mwalimu: kwenye mazoezi ndiyo, nanyoosha mkono. Lakini ile mi ya 550 siwezi kumnyooshea mtu mkono akaipata. Wanaipata kwa kusikilizana wenyewe, soprano akipunguza, tena akisogea. Wawili wanaoimba bila kiongozi wanafanya hivyo kila siku, nenda kasikilize akina mama wakitwanga.

Ila hilo la kumlundikia mmoja, Mama, hujui umegusa nini. Kabla ya mgawanyo huu wa sawasawa kuenea, vinanda vya Ulaya kwa muda mrefu vilipatanishwa kwa njia nyingine. Walitaka zile mi zao ziwe safi, 5 kwa 4 kamili, kwa hiyo hatua 11 za do hadi so wakazikaza kidogo kidogo, halafu hesabu yote iliyobaki wakaitupa kwenye hatua moja ya mwisho. Hatua hiyo ilikuwa mbaya mno, ikawa inalia. Mafundi wenyewe wakaiita mbwa mwitu. Nyimbo zilitungwa kwa kuikwepa. Ukiwa kwenye ki za kawaida, kinanda ni kitamu kuliko hiki chetu, kwa kweli ni kitamu zaidi. Watu waliishi hivyo miaka mingi. Kisha akija mtu anataka kuhamia ki nyingine, anaikanyaga, ukumbi mzima unasikia.

Kwa hiyo vinanda vya namna zote mbili vipo, na hesabu ya ziada iko kwenye vyote viwili. Tofauti ni imewekwa wapi.

---

MamaBaraza

Mbwa mwitu. Nitalitumia hilo barazani, mwanangu.

---

Ng'wanaKisesa

Mwalimu, nimekusoma vizuri, lakini umeanza na kinanda na kumaliza na kinanda. Sauti nne za soprano mpaka besi ni za kanisani, zimekuja na misheni pamoja na zile do re mi mnazoandika kwa herufi, ambazo nazo zilitoka Uingereza kwa Sarah Glover na John Curwen. Sizikatai, mimi mwenyewe nimeimba. Lakini hapa nchini watu walikuwa wanaimba kwa kupatana kabla ya hapo. Wagogo wanaimba sauti kadhaa kwa pamoja, na mpangilio wao wa sauti unatoka kwenye sauti ndogondogo zinazojificha ndani ya uzi mmoja ukipigwa. Marehemu Hukwe Zawose aliupeleka duniani kwa zeze na ilimba.

Na Usukumani tuna jambo ambalo halimo kabisa kwenye uzi wako. Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, na havishindani kwa zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake na nyimbo zake za kukisema kingine. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Nendeni Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, mwezi Juni baada ya sikukuu ya Ekaristi, mkasikilize. Ukisimama katikati huelewi chochote, ngoma zinagongana kichwani. Ukisogea upande mmoja, upande wa pili unakuwa kama mvuke kwa nyuma.

Sasa niambie, hapo pana kupatana au hapana? Sauti hazipatani. Lakini hawa watu wamekubaliana siku, uwanja na namna ya kupata mshindi, na kila upande unahitaji upande wa pili uwepo. Bagika bila Bagalu hawana mashindano. Utani wa makabila ni hivyohivyo, Mnyamwezi na Mzaramo wametukanana tangu enzi za misafara na wanazikana.

Kwenye usanifu pia, hapohapo Bujora, lipo jengo la ngoma za kitemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Padri David Clement aliyeanzisha makumbusho yale alitoka Kanada. Angeweza kujenga nyumba ya mstatili yenye bati, ikafanana na za misheni zote. Jengo lile linaitika vitu vilivyomo ndani yake, na mtu haulizi ni la nini.

---

TenaWaNyakato

Ng'wanaKisesa, wabeja sana. Kwa Wagogo nina la kuongeza, kwa sababu linaumbua kinanda tena. Uzi ukipigwa, ndani yake kuna mtetemo wake wenyewe, mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Mpangilio wa Wagogo unakaa kwenye ya nne hadi ya tisa. Angalia ya nne, ya tano na ya sita: 4, 5, 6. Ni do, mi, so zilezile za kanisani, na mi yake ni safi, 5 kwa 4. Halafu inakuja ya saba. Do ikiwa 440, hiyo ya saba ni 770. Kwenye kinanda noti iliyo karibu nayo zaidi ni 784. Hakina 770 na hakitakuwa nayo. Vijana wetu wanaonakili nyimbo za Kigogo kwa kinanda wanasema "mbona haikai." Haiwezi kukaa.

Hilo la Bagika na Bagalu bado linanisumbua. Kwa sikio langu la kwaya ni vurugu. Lakini nikiangalia hapo juu aliyoyasema Mama kuhusu wanaopiga kelele barazani, naona mnasema jambo linalokaribiana, na mimi bado sijakubali lote. Kelele mbili kwenye uwanja mmoja zinahitaji uwanja mkubwa. Nyumba ya vyumba viwili Mabatini si uwanja.

---

FundiMawe

Wakuu, mimi ni wa ujenzi, sitaandika sana.

Mwanza ukipewa kiwanja mlimani una mawili. Unachoma jiwe kwa moto, linapasuka, unauza kokoto, unapata ua ulionyooka. Au unaliacha, ukuta unapita pembeni yake, ngazi zinapinda, jiko linakaa kimo kingine na sebule kimo kingine. Wateja wengi wanataka la kwanza kwa sababu wana ramani waliyoitoa mtandaoni, ya mtu mwenye kiwanja cha tambarare. Nyumba inaisha, imesimama pale kama imeshushwa na kreni. Angalia Isamilo zile za zamani zilizopindia mawe, halafu angalia mpya zilizosawazisha. Za zamani hakuna mbili zinazofanana, lakini mlima mzima unasomeka kama mji mmoja: mawe yaleyale kwenye misingi, bati zimeinama kufuata mteremko.

Gharama? Kuacha jiwe si rahisi kila mara, msisikie za watu. Ukuta wa kuzuia udongo unakula saruji. Lakini maji ya mvua yanajua njia yake kati ya mawe tangu zamani, ukiyasawazisha yote itabidi uyatengenezee njia wewe.

---

DagaaMchele

Na Jiwe la Bismarck pale ziwani mbona halijaanguka? Hakuna aliyelitungia uwiano.

---

FundiMawe

Uzito wake unashuka ndani ya kitako, basi. Macho ndiyo yanaona linaanguka.

---

KijanaWaIgogo

Nimefanya ule mtihani na simu mbili, moja yangu moja ya dada. 440 na 443 kweli inavimba na kunywea. 440 na 660 poa. 440 na 622 dada kaja kuchukua simu yake.

Swali nje ya mada kidogo. Mimi sijui niko sauti gani. Kanisani nilipewa besi kwa sababu ni mrefu. Nikiimba chini koo linakwama.

---

HesabuZote

Nimejaribu 712. Sisemi kitu.

---

TenaWaNyakato

KijanaWaIgogo, urefu si kipimo. Umeshapata programu ya toni, itumie. Iweke 330, imba nayo "aaa" kwa sauti yako ya kifua. Kama hapo tayari mishipa ya shingo imesimama, wewe ni besi. Ukipita kwa raha, panda taratibu hadi 440. Ukiifikia bila kuhamia sauti nyembamba ya kike, wewe ni tena na wamekuonea. Ukiishia katikati, uko kama wanaume wengi, utapangwa kulingana na upungufu uliopo.

Na upungufu uliopo ni wa tena. Kila kwaya ninayoifahamu Mwanza inalia hivyohivyo. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze tunapofanyia mazoezi. Ni Jumamosi alasiri, na kinanda nakiacha stoo mpaka nusu ya mwisho.

---

MamaBaraza

Na sisi wenye sauti ya chini kuliko hao wanaume wenu?

---

TenaWaNyakato

Alto ya pili, Mama. Kiti kipo.